Tangi la choo lisilonyamaza: Jinsi ya kutambua kasoro na kuirekebisha

SAUTI ya maji yanayochururika chooni saa nane za usiku, ilhali hakuna mtu aliyeamka, si jambo la kupuuzwa. Katika nyumba nyingi, za Moiben na Eldoret zikiwemo, sauti hiyo huzoeleka kiasi kwamba wenyeji hawaisikii tena. Huja kusikika mwisho wa mwezi, ikiwa imegeuka tarakimu katika bili ya maji, au katikati ya kiangazi, tangi kubwa la boma linapopatikana tupu.

Kasoro yenyewe huwa ndogo. Aghalabu chanzo chake ni kipande cha mpira kisichozidi upana wa kiganja, boya lililoinuka kupita kiasi, au punje ya mchanga iliyokwama mahali ambapo haikustahili kuwa. Licha ya hayo, wengi hutumia fedha kuliko inavyohitajika kwa sababu hununua vifaa kabla ya kujua kasoro iko wapi.

Ukweli ni kwamba tangi la choo lina milango miwili tu: mmoja wa maji kuingia na mwingine wa maji kutoka. Tangi lisilonyamaza lina mlango mmoja usiofunga. Kazi ya kwanza, kabla ya kushika spana au kwenda dukani, ni kujua ni mlango upi.

Hasara isiyoonekana

Hesabu ya hasara si ngumu. Maji yanayojaza glasi moja ya mililita 250 kwa dakika ni mkondo mwembamba ambao jicho laweza kuukosa ukiteremka kwenye bakuli jeupe la choo. Hata hivyo, mkondo huo hufikia lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku na lita 10,800 kwa siku 30. Kwa kipimo cha mtungi wa lita 20, hiyo ni mitungi 18 kila siku na mitungi 540 kwa mwezi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja huhitaji kati ya lita 50 na 100 za maji kwa siku ili kukidhi mahitaji yake ya kimsingi. Kwa kiwango cha chini, choo kimoja kinachovuja polepole hunywa maji ambayo yangewatosha watu saba. Kasoro ikiwa kubwa, hasara huwa mara dufu. Shirika la kulinda mazingira la Marekani linakadiria kwamba choo kinachovuja chaweza kupoteza galoni 200 kwa siku, yaani takriban lita 760.

Eneo bunge la Moiben, katika Kaunti ya Uasin Gishu, lina sura mbili, na kila sura hulipa hasara hiyo kwa njia yake. Upande wa Kimumu umeungana na Eldoret, mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Agosti 2024, na umejaa nyumba za kupangisha. Ukielekea mashambani, hadi kituo cha Moiben chenyewe, nyumba zimetawanyika katikati ya mashamba ya mahindi na ngano.

Kwa aliyeunganishwa na bomba la kampuni ya maji, hasara huonekana kwenye mita. Maji huuzwa kwa mita za ujazo, ambazo wananchi huziita yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000. Bei huidhinishwa na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, na kwa kawaida hupanda kwa ngazi: kadiri mtu anavyotumia zaidi, ndivyo yuniti za juu zinavyokuwa ghali. Kwa hivyo yuniti 10 zinazopotea chooni hujumlishwa juu ya matumizi ya kawaida, penye bei ya juu. Aliyeunganishwa na bomba la maji taka hulipia huduma hiyo pia kwa kufuata kiasi cha maji yaliyopita kwenye mita.

Kwa mwenye boma lililo mbali na bomba, hakuna bili ya maji, lakini gharama zipo. Maji ya kisima hupandishwa hadi tangi la juu kwa pampu ya umeme, na pampu hiyo huwaka zaidi iwapo choo kinavuja. Anayetegemea maji ya mvua huumia zaidi. Tangi la lita 5,000 lililojazwa na mvua za mwisho humalizwa na mkondo wa glasi moja kwa dakika katika siku 14 tu, hata kama hakuna aliyechota maji ya kupikia.

Isitoshe, maji hayo hayapotei hewani. Hushuka katika shimo la maji taka, ambalo lilichimbwa likikadiriwa kwa idadi ya watu wa nyumba hiyo. Lita 360 za ziada kila siku hulowesha ardhi inayolizunguka, hulijaza kabla ya wakati na kumlazimu mwenye nyumba kuita gari la kunyonya maji taka ilhali tatizo liko ndani ya tangi dogo nyuma ya bakuli.

Jinsi tangi linavyofanya kazi

Mtu akiinua kifuniko cha tangi la choo ataona sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni vali ya kuingizia maji, ambayo imeshikana na boya. Maji yanapopungua, boya huteremka na kuifungua vali. Maji yanapopanda, boya huinuka nayo na kuifunga.

Sehemu ya pili ni ile inayoachilia maji yaende kwenye bakuli mtu anapovuta. Katika matangi mengi ya kisasa hii ni vali iliyo sakafuni mwa tangi, inayozibwa kwa mpira. Katika matangi ya zamani, na baadhi ya yanayouzwa hadi leo, ni sifoni, ambayo itaelezwa baadaye.

Sehemu ya tatu ni bomba la ziada. Hili husimama wima ndani ya tangi, na kazi yake ni kupokea maji yakizidi kiwango ili yasifurike sakafuni. Katika matangi mapya bomba hili humwaga maji hayo ndani ya bakuli. Katika mengi ya zamani, hupenya ukutani na kumwaga nje ya nyumba.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Bomba la zamani lilipomwaga nje, ukuta ulilowa na kila mpita njia aliona kwamba kuna kasoro. Siku hizi maji ya ziada hushuka kimyakimya ndani ya bakuli, na kasoro inaweza kudumu mwaka mzima bila kugunduliwa.

Uchunguzi kabla ya kununua

Uchunguzi wa kwanza ni wa kuthibitisha kwamba maji yanavuja. Kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, au matone kadhaa ya rangi ya chakula, humiminwa ndani ya tangi na choo huachwa bila kutumiwa kwa nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli kabla ya mtu kuvuta, maji yanapita. Baadaye tangi huvutwa ili rangi isiache doa.

Uchunguzi wa pili ndio hutenganisha milango miwili, nao huhitaji penseli tu. Tangi likiisha kujaa, alama huwekwa ukutani kwa ndani, penye usawa wa maji. Kisha koki ya bomba linaloingia kwenye tangi hufungwa, na choo huachwa kwa saa moja.

Maji yakishuka chini ya alama, yanatoka kupitia mlango wa kutokea, yaani mpira wa chini. Yakibaki palepale na mchururiko ukanyamaza, mlango wa kutokea ni mzima. Kasoro iko kwenye vali ya kuingizia, ambayo haifungi, na maji yalikuwa yakimwagika kupitia bomba la ziada.

Nyumba isiyo na koki chooni hufungiwa maji kwenye koki kuu. Kama nayo haishiki, kijiti hulazwa juu ya mdomo wa tangi na boya likafungwa kwa uzi kwenye kijiti hicho likiwa limeinuliwa juu. Boya likishikiliwa hivyo, vali hukaa imefungwa na kazi huweza kuendelea.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kifuniko cha kauri ni kizito na huvunjika upesi, hivyo kilazwe sakafuni juu ya kitambaa wala si ukingoni mwa sinki. Kifuniko chenye kitufe katikati kisivutwe kwa nguvu. Kitufe au pete yake hufunguliwa kwanza kwa kuizungusha, ndipo kifuniko kitoke.

Mlango wa kuingilia usipofunga

Iwapo uchunguzi umeelekeza kidole kwenye vali ya kuingizia, hatua ya kwanza ni kuliinua boya kwa mkono. Maji yakikoma, vali ni nzima na boya ndilo limepangwa vibaya. Yasipokoma hata boya likiwa juu kabisa, kasoro iko ndani ya vali.

Boya hupangwa ili maji yakome takriban sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la ziada. Boya lenye mkono wa shaba hupindwa taratibu kuelekea chini, kwa mikono miwili ili vali isivunjike. Lenye mkono wa plastiki huwa na parafujo, ambayo huzungushwa kwa bisibisi. Mengine hupanda na kushuka kwenye mhimili wa wima, na hushushwa kwa kubana klipu au kuzungusha kijiti kilicho ubavuni.

Boya huweza pia kuingiwa na maji. Likitikiswa na kusikika likicheza maji ndani, limetoboka, na halitainuka tena vya kutosha. Boya la aina hiyo hubadilishwa peke yake, bila kununua vali nzima.

Ikiwa vali yenyewe ndiyo mbovu, maji hufungwa na kichwa chake hufunguliwa. Ndani mna mpira mdogo unaobana tundu la maji. Mara nyingi hupatikana umezungukwa na mchanga, kutu au chumvi nyeupe, au umechimbika mahali tundu linapougusa. Uchafu husafishwa kwa maji na mswaki mkuukuu. Mpira uliochimbika upande mmoja waweza kugeuzwa kwa muda, lakini dawa ya kudumu ni kununua mwingine wa kipimo hichohicho. Kabla ya kuurudisha, koki hufunguliwa kidogo kwa sekunde chache, mkono ukiwa umekinga tundu, ili maji yasukume nje takataka zilizobaki ndani ya bomba.

Mchanga huo hutoka wapi? Penye mgao wa maji, mabomba hukaa matupu kwa saa au siku kadhaa. Maji yanaporejea, hukokota kutu na mashapo yaliyotulia, na mahali pembamba pa kwanza yanapokwama ni tundu la vali ya choo. Ndiyo maana tangi lililokuwa zima jana huanza kuchururika siku maji yaliporudi. Vivyo hivyo hutokea tangi kubwa la boma linapokaribia kuisha na kuanza kutoa matope ya chini.

Kuna pia vali ambazo hunyamaza mchana na kuchururika usiku. Mchana watu wengi wanapofungua mifereji, nguvu ya maji katika mabomba hupungua. Usiku wa manane mifereji ikifungwa, nguvu hiyo hupanda, na mpira uliochakaa hushindwa kuizuia. Anayechunguza choo chake adhuhuri pekee huweza kuamini kwamba hakina kasoro.

Vilevile, baadhi ya vali hutengenezwa kwa matundu ya vipimo tofauti. Zenye tundu jembamba hufaa bomba la moja kwa moja lenye nguvu. Zenye tundu pana hufaa maji yanayoshuka kutoka tangi la juu. Ya tundu pana ikiwekwa kwenye bomba lenye nguvu huenda isifunge kamwe, hata ikiwa mpya. Anayekwenda dukani anapaswa kubeba vali ya zamani mkononi na kueleza maji yake yanatoka wapi.

Mlango wa kutokea usipofunga

Iwapo maji yalishuka chini ya alama ya penseli, kasoro iko sakafuni mwa tangi. Katika aina ya mpira unaoinuliwa kwa mnyororo, cha kwanza kutazamwa ni mnyororo wenyewe. Ukiwa mfupi mno, huushikilia mpira usikae sawasawa. Ukiwa mrefu mno, hujikunja na kunaswa chini ya mpira. Inatosha uwe na ulegevu mdogo tu mpira unapokuwa umefunga.

Mnyororo ukiwa sawa, mpira hukaguliwa. Uliokakamaa, uliopinda au unaoacha weusi vidoleni umekwisha kazi. Ukingo unaokaliwa na mpira hupanguswa kwa kitambaa, kisha hupapaswa kwa kidole. Chumvi ya maji iliyoganda huondolewa kwa siki. Mikwaruzo midogo husawazishwa kwa msasa laini sana. Mpira mpya ukiwekwa juu ya ukingo mchafu utavuja kama ule wa zamani.

Katika aina ya vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha maji mengi, vali husimama kama mnara katikati ya tangi. Baada ya maji kufungwa na tangi kumwagwa, mnara huzungushwa kiasi cha robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa, kisha huinuliwa. Chini yake mna pete ya mpira. Mara nyingi pete hiyo haihitaji zaidi ya kuoshwa kwa maji safi na kurudishwa. Ikiwa imevimba au kuchanika, hubadilishwa.

Kabla ya mnara kurudishwa, vitufe navyo vikaguliwe. Kitufe kilichokwama chini, au vijiti vyake vilivyo virefu mno, huishikilia vali juu kidogo bila mtu kujua. Dalili yake ni choo kinachonyamaza mtu anapobofya kitufe mara ya pili au ya tatu.

Sifoni na mafunzo yake

Tangi la sifoni hutambulika kwa mkono wake wa pembeni, na kwa bomba pana lililopindwa kama mkongojo uliofunikwa chini ya maji. Hakuna mpira unaozuia maji sakafuni. Mkono unapobonyezwa, sahani iliyo ndani huyasukuma maji yapite juu ya kipindo. Yakishaanza kushuka, huvutana yenyewe hadi hewa iingie na kukata mkondo. Kwa kuwa kipindo kiko juu ya usawa wa maji, maji hayawezi kutoroka yenyewe.

Kwa sababu hiyo, tangi la sifoni likichururika bila kukoma, mshukiwa wa kwanza ni boya au vali ya kuingizia. Mpaka maji yapande kupita kiasi ndipo yanapopata njia. Sahani ya sifoni ikichanika, dalili huwa nyingine kabisa: choo hakivuji, bali mtu hulazimika kubonyeza mara tatu au nne kabla ya maji kutoka.

Kuna tukio moja la pekee. Tangi la sifoni hutoa maji, kisha mkondo haukatiki, na maji mapya huendelea kupita moja kwa moja hadi bakulini. Hapo maji yanaingia kwa kasi kuliko sifoni inavyoweza kuyamaliza, hivyo hewa haipati nafasi ya kuingia. Dawa yake haina gharama: koki ya tangi hupunguzwa hadi mkondo uanze kukatika wenyewe kila baada ya kuvuta.

Uingereza, ambako matangi haya yalienea, iliyaita kwa jina lililomaanisha kizuizi cha upotevu wa maji. Kwa miongo mingi kanuni za huko zilitaka sifoni pekee itumike katika matangi ya choo. Kanuni mpya za mwaka 1999 ziliruhusu vali za sakafuni kuanzia Januari 2001. Vali za vitufe viwili, zilizopata umaarufu nchini Australia katika miaka ya 1980, hupunguza maji ya kila mvuto. Hata hivyo, zina mpira, na mpira huchakaa.

Funzo kwa mnunuzi ni kwamba tangi la vitufe viwili huokoa maji likitunzwa tu. Lita chache zinazookolewa kwa kila mvuto huweza kumezwa zote kwa usiku mmoja na pete ya mpira iliyochafuka.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kuweka jiwe au tofali ndani ya tangi ili lichukue maji machache. Tofali humomonyoka, na punje zake hukimbilia chini ya mpira. Anayetaka kupunguza maji atumie chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kufungwa, na ahakikishe haigusi boya wala mnyororo.

Kosa la pili ni kutumbukiza vidonge vya klorini ndani ya tangi ili bakuli linukie. Dawa hiyo hukaa ikigusana na mpira usiku na mchana, na huudhoofisha kabla ya wakati wake. Dawa ya kusafishia hufaa ndani ya bakuli, si ndani ya tangi.

Kosa la tatu ni kulikaza kila kiungo kwa spana kwa nguvu zote. Viungo vingi vya tangi ni vya plastiki na hushika kwa mpira ulio ndani, si kwa nguvu ya mkono. Kikikazwa kupita kiasi hupasuka, na kasoro ya shilingi chache hugeuka ununuzi wa tangi zima.

Kosa la nne ni kufunga koki kila baada ya kutumia choo na kuridhika kwamba tatizo limekwisha. Hatua hiyo inafaa kwa siku moja au mbili kabla ya kununua mpira. Ikigeuzwa desturi, koki nayo huchakaa, na siku mgeni akisahau kuifunga, tangi la boma huamka tupu.

Fundi wa mabomba anahitajika pale tangi lenyewe lina ufa, maji yanapotokea kwenye kiungo cha tangi na bakuli, au bomba linaloingia likiwa limeoza. Hata hapo, mwenye nyumba aliyekwisha kufanya uchunguzi wa penseli atamweleza fundi kasoro iliko, na hatalipia vifaa ambavyo havikuwa vibovu.

Penye mita moja

Katika ploti nyingi za kupangisha, vyumba kadhaa hutumia mita moja na bili hugawanywa sawa kwa wapangaji. Hapo ndipo choo kinachovuja hugeuka chanzo cha ugomvi. Anayeishi peke yake humlaumu jirani mwenye watoto, mwenye watoto humlaumu afuaye nguo kila siku, na wote kwa pamoja huishuku kampuni ya maji.

Mita yenyewe inaweza kuamua shauri hilo. Wapangaji wakikubaliana, namba za mita huandikwa usiku wote wakiwa wamefunga mifereji, na husomwa tena alfajiri kabla mtu wa kwanza hajaamka. Namba zikiwa zimesonga, kuna mahali panapovuja. Usiku unaofuata koki ya choo kimoja hufungwa, kisha ya kingine, hadi mita isimame. Choo kilichofungwa usiku mita iliposimama ndicho chenye kasoro.

Mita ikiendelea kusonga hata vyoo vyote vikiwa vimefungwa, bomba limepasuka ardhini au ukutani. Ikumbukwe kwamba bomba lililo ndani ya boma, baada ya mita, kwa kawaida ni jukumu la mteja wala si la kampuni. Kulalamikia bili kabla ya kufanya uchunguzi huu huchelewesha tu marekebisho.

Sehemu ya maji yanayotumiwa Eldoret hutoka kwenye bwawa la Chebara, katika Kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, ambalo huzuia maji ya Mto Moiben. Maji hayo hukingwa, husafishwa kwa dawa, na kusafirishwa kwa mabomba umbali mrefu kabla ya kuingia kwenye tangi dogo nyuma ya bakuli la choo. Kuyaacha yateremke usiku kucha bila kumnufaisha mtu ni kutupa kazi hiyo yote.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tangi la choo, ufa wenyewe huzibwa kwa kipande cha mpira, na anayetaka kujua kama anao anahitaji kikombe cha chai ya rangi, penseli na saa moja ya subira.